Kulizoeza sikio Kiingereza cha mitaani Uingereza: mwongozo kwa anayekuja kufanya kazi

Wiki yangu ya pili kazini, katika kituo cha wazee kwenye mji mdogo wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, si mbali na Sheffield, mzee mmoja aliniangalia akasema, "I'm gasping, love." Neno hilo nililijua kwa kamusi: kutweta, kukosa pumzi. Nikabonyeza kengele ya dharura. Muuguzi akaja mbio na kipimo cha oksijeni, akambana mzee kidoleni, namba zikatoka nzuri kabisa. Mzee alikuwa na kiu. Alitaka chai.

Muuguzi hakunilaumu. Aliniambia heri kengele ya bure kuliko kunyamaza. Lakini usiku ule nilikaa na daftari nikiwaza: mtu aliyesoma Kiingereza tangu darasa la kwanza, akafanya IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, akapasi, inakuwaje anafika Uingereza hamwelewi mzee wa miaka 80 anayeomba chai?

Daftari lile sasa limekuwa madaftari manne, na mwongozo huu nimeutoa humo. Nauandika kwa ajili ya wauguzi, walezi wa wazee, wanafunzi na familia zao. Tangu Kenya na Uingereza zitiliane saini makubaliano ya wahudumu wa afya Julai 2021, nakutana na wenzetu wengi zaidi huku, na karibu kila mmoja huniambia neno lile lile: nilidhani najua Kiingereza. Unakijua, ndugu yangu. Kilichobaki ni sikio.

Hatua ya 1: Ondoa wazo kwamba wanaharibu lugha

Mimi ni mtu wa Mombasa. Kwetu macho ni mato, kichwa ni kitwa, mchele ni mtele. Njoo ni ndoo, njia ni ndia. Binamu yangu aliyelelewa Morogoro alipokuja kwetu mara ya kwanza, bibi alimuuliza, "Wateka nini, mwanangu?" Binamu akainuka kutafuta ndoo akateke maji. Bibi alikuwa akimuuliza anacheka nini. Wiki haikuisha, binamu alikuwa anaelewa karibu kila kitu, na hakukariri orodha yoyote. Alichokamata ni kwamba penye ch yao sisi tuna t, na penye nj yao sisi tuna nd. Kanuni 2 tu, na maneno yakamfungukia kwa mkupuo.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike kabla ya yote. Lafudhi ina kanuni. Ukikariri neno moja umepata neno moja. Ukikamata kanuni ya sauti umepata mji mzima. Na kanuni huikamati ikiwa moyoni umeshaamua kwamba anayezungumza anakosea.

Hawakosei. Mtu wa Newcastle au Glasgow akisema "huus" kwa nyumba na "duun" kwa chini, anatamka irabu ambayo miaka 600 iliyopita ilikuwa ya Waingereza wote. Kusini irabu ikahama ikawa "haus" na "daun"; kaskazini ikabaki palepale. Mzee wa Yorkshire akikuambia wajukuu wako nje "laiking", yaani wanacheza, anatumia neno lililoletwa na watu wa Skandinavia zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kati ya 1950 na 1961, Harold Orton wa Chuo Kikuu cha Leeds alituma watafiti katika maeneo 313, mengi yakiwa vijiji, kuwauliza wazee wanaviitaje vitu vya nyumbani, vya shambani na viungo vya mwili. Alijua hiyo ni hazina inayotoweka.

Na watu hawa wana kidonda chao. Kwa muda mrefu walifundishwa kuona haya. Mwaka 1941, vita vikiwa vimepamba moto, BBC ilimweka Wilfred Pickles, mtu wa Halifax, kusoma habari za taifa kwa lafudhi ya Yorkshire, na kule kuwaaga kwake watu wa kaskazini kwa "good neet" badala ya "good night" kukazua gumzo nchi nzima. Kwa hiyo ukikunja uso mzee anapozungumza, yeye haoni mgeni asiyeelewa. Anaona mtu mwingine anayemdharau.

Hatua ya 2: Chagua mji mmoja, uache mingine

Usijifunze "lafudhi za Uingereza". Ni nyingi mno na zinapingana. Angalia barua yako ya kazi au ya chuo imeandikwa mji gani, kisha sikiliza mji huo peke yake. Liverpool na Manchester haziachani hata kwa kilomita 60, lakini mtu wa moja hujulikana akifungua mdomo tu akiwa katika nyingine.

Wengi wetu tumeshapata somo bila kujua, tukiwa kwenye vibanda vya mpira. Ukimsikiliza Jamie Carragher akichambua mechi, unasikia Liverpool. Alan Shearer ni Newcastle. Sir Alex Ferguson, popote alipokaa, ulimi wake haukuhama Govan, Glasgow. Tafuta mahojiano yao marefu mtandaoni, yale ya kukaa chini na kuzungumza, si yale ya dakika moja uwanjani.

Bora zaidi ni redio za BBC za mikoa: Radio Merseyside kwa Liverpool, Radio Newcastle, Radio Sheffield, Radio Leeds, na Radio Scotland. Mtangazaji usimtilie maanani sana, maana naye amejichuja. Subiri wasikilizaji wapige simu kulalamikia mashimo barabarani. Hao ndio utakaowahudumia. Kwa kulinganisha, kuna hifadhi ya sauti iitwayo International Dialects of English Archive, iliyoanzishwa na Paul Meier mwaka 1998, ambamo watu wa sehemu mbalimbali husoma maandishi yale yale. Msikilize wa Liverpool, kisha wa Glasgow, kwa sentensi ile ile, na tofauti inajitokeza yenyewe.

Hatua ya 3: Andika unachosikia kwa herufi za Kiswahili

Hii ndiyo hatua iliyonifungua, na sijaona mwalimu wa Kiingereza anayeifundisha, kwa sababu hana lugha yetu. Maandishi ya Kiswahili hayadanganyi: a ni a, u ni u, dh ni dh. Maandishi ya Kiingereza hudanganya kila mstari. Ukisikiliza huku kichwani unaona neno lilivyoandikwa kitabuni, jicho linaliziba sikio.

Chukua sauti ya dakika 1, si zaidi. Sikiliza mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili punguza mwendo hadi 0.75 na uandike kama unavyomwandika mtu anayezungumza lugha usiyoijua kabisa. Usitafute maana. Andika sauti. Halafu usome kwa sauti ulichoandika, na mara nyingi maana itakujia kupitia mdomo wako mwenyewe.

Nikupe mfano kutoka daftari langu la kwanza. Bibi mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti chake, hataki kwenda kumwona daktari. Nilivyosikia, niliandika hivi:

"Dhez naut up wi mi, luv. A jus wont sumat fo mi stumak."

Kwa maandishi ya watu wa huko ni "There's nowt up wi' me, love. I just want summat for me stomach." Maana yake: sina tatizo, mwanangu, nataka tu kitu cha kutuliza tumbo.

Sasa angalia. Kuna "up", "luv", "jus", "sumat", "stumak". Sauti u mara 5 katika sentensi 2, na kila mahali shuleni tulifundishwa a: "ap", "lav", "jast". Hiyo ni kanuni, imejionyesha. Kuna "naut", yaani hakuna kitu, na "sumat", yaani kitu fulani. Ukiongeza "aut", kitu chochote, umemaliza maneno 3 ambayo Yorkshire haipitishi saa bila kuyatumia. Na kuna "mi" mara mbili, ya kwanza ikiwa mimi, ya pili ikiwa -angu. Kaskazini yote "me leg" ni mguu wangu na "me tablets" ni vidonge vyangu. Sentensi mbili za bibi mmoja zilinipa kazi ya wiki nzima.

Fanya hivyo dakika 15 kila siku. Baada ya majuma 3 hutahitaji kuandika tena.

Hatua ya 4: Zitafute kanuni hizi kwanza

Hizi ndizo zilizonifaa zaidi. Usizisome zote leo. Chukua za mji wako.

Ile u niliyoitaja inaanzia katikati ya Uingereza na kupanda hadi mpaka wa Scotland. "Blood" ni "blud", "lungs" ni "lungz", "tongue" ni "tung", "Monday" ni "Mundei". Sikio letu, kwa kuwa limezoea "kap" kwa kikombe, likisikia "kup" hudhani ni neno jingine kabisa. Mwezi wangu wa kwanza hii peke yake ilinipotezea nusu ya mazungumzo.

Halafu kuna habari njema ambayo hatuambiwi. Kusini husema "feis" na "gou", irabu ikiteleza. Yorkshire na Scotland wengi husema "fees" na "goo", irabu ikisimama imara kama e na o za kwetu. Yaani wao wako karibu nasi kuliko mtangazaji wa London. Mskoti hutamka na r kila inapoandikwa, mara nyingi kwa kuipigapiga ulimi kama tunavyosema "barabara", na kh ya "loch" ni kh yetu ya kheri. Nawaambia wanaokwenda Scotland wasitishwe, wana mtaji.

Sauti inayotuchanganya zaidi ni ile isiyoandikika. Mkataze mtoto kugusa jiko: "a-a!" Ule mkato katikati, koo likijifunga ghafla, ndio t ya Glasgow, ya London, na ya vijana wa miji mingi. Maji, "water", huwa "wo-a". Chupa, "bottle", t yake humezwa kooni. Yorkshire mkato huo huo hula neno "the" zima: anayekwenda dukani husikika akisema "tu" kisha kimya kidogo kisha "shop". Kimya kile si kusita. Ni neno.

Mahali pengine kaskazini t haimezwi, inageuka r: "get up" ni "gerup", "shut up" ni "shurup", "got a" ni "gora". Niliposikia "gora" kwa mara ya kwanza nilikwenda kwenye kamusi nikarudi mikono mitupu.

Liverpool ina yake peke yake. Mji huo wa bandari ulipokea Wairish kwa maelfu wakati wa njaa kuu ya miaka ya 1840, na ulimi wake ukaachana na wa majirani. Kanuni ya kushika kwanza: k, hasa katikati na mwishoni mwa neno, huelekea kuwa kh. "Back" ni "bakh", "chicken" ni "chikhen", "doctor" ni "dokhta". Mswahili aliyekulia kwenye sabalkheri na jirani aitwaye Khamis hana udhuru hapa. Ya pili: irabu ya "nurse" huwa e ndefu, kwa hiyo wakiita "nees!" kutoka mwisho wa wodi, wanakuita wewe.

H hudondoka karibu kila mahali, London, Liverpool, Yorkshire: "ospital", "ouse", "ed" kwa kichwa. Waliozungumza na watu wa Kivu au Lubumbashi wameshazoea "apa" na "uyu", kwa hiyo halitawasumbua. Newcastle na Scotland, kinyume na wengine, h yao wanaishika.

Newcastle kuna mtego unaomhusu muuguzi moja kwa moja. Kwa wazee wanaozungumza lafudhi nzito, "work" husikika karibu sawa na "walk" tuliyofundishwa, na "walk" yao ni "waak". Ukiuliza kama anaweza kutembea na yeye akajibu kuhusu kazi, au kinyume chake, rudi nyuma uulize kwa kuonyesha miguu.

Na ukipelekwa Aberdeen, shika hii moja: wh huwa f. "What" ni "fit", "where" ni "far", "when" ni "fan". Salamu yao ni "Fit like?", yaani hujambo. Asiyeijua kanuni atadhani anaulizwa kama ana afya ya mazoezi. Anayeijua ameelewa maswali yao karibu yote kwa herufi moja.

Hatua ya 5: Kusanya maneno ya kazi yako, si ya kila kitu

Misimu ya mitaani haina mwisho. Chukua ile itakayokuumiza usipoijua.

Anza na saa, kwa sababu hapo ndipo watu hukosa kazi. Sehemu za Yorkshire "while" ina maana ya hadi. Msimamizi akikupangia zamu "nine while five", ni kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni. "Half five" ni saa 5:30 kwa saa zao, yaani saa kumi na moja na nusu kwetu. Tunaogeuza saa kichwani tunaweza kukosea mara mbili kwa pamoja. "Fortnight" ni majuma 2.

Chakula kinafuata. Kaskazini, "dinner" kwa wengi ni chakula cha mchana na "tea" ni chakula cha jioni. Kusini "dinner" ni ya jioni. Dawa ikiwa ni ya kumeza baada ya "dinner", usikisie. Uliza saa ngapi, kwa namba. Mkate mdogo wa mviringo una majina kila baada ya bonde: "barm" Manchester, "breadcake" Yorkshire, "cob" Nottingham, "stottie" ule bapa mkubwa wa Newcastle. Ukikosea jina hapo hapana madhara, watakufundisha kwa furaha, na ni njia nzuri ya kuanza urafiki.

Kisha mwili na maradhi. "Poorly" ni mgonjwa. "Nesh", maeneo ya Sheffield na Derbyshire, ni mtu anayeumwa na baridi upesi. Akisema hivyo, funga dirisha. "Mardy" ni aliyenuna. "I've come over all funny" ni nahisi kizunguzungu, mshike kabla hajaanguka. "Bunged up" ni kufungwa, ama choo ama pua, na itabidi uulize kipi. "Waterworks" ni njia ya mkojo. "Spend a penny" ni kwenda haja ndogo, kutoka zama ambapo choo cha umma kililipiwa peni moja. Mzee wa Newcastle anaweza kutaja "the netty", nacho ni choo. Scotland, "oxter" ni kwapa, na "greeting" si kusalimu bali kulia. Ukiambiwa "the wean's greeting" Glasgow, mtoto analia, nenda kamtazame. Mashariki mwa Scotland na Newcastle mtoto ni "bairn". Pia Scotland "the messages" ni ununuzi wa nyumbani, na "where do you stay?" ni unaishi wapi, vile vile tunavyouliza Nairobi.

Wazazi wenye watoto wa shule London wana kazi nyingine. Vijana wa huko wamejitengenezea lugha yao, yenye mizizi mikubwa ya Kijamaika: "bare" ni nyingi, "peak" ni jambo baya, "ends" ni mtaa wangu, "allow it" ni achana nayo. Aliyekulia karibu na Sheng ya Eastlands, Nairobi, anajua inavyofanya kazi: neno likishafika kwa wazazi, vijana wameshalihama. Elewa, usiitumie.

Hatua ya 6: Pima uzito wa maneno mepesi

Hapa sikio likishazoea bado akili inaweza kupotea. Watu hawa husema kidogo kuliko wanavyohisi. "Not too bad" ni niko vizuri. "Not so clever today" si habari ya akili. Ni kwamba leo hajisikii vizuri. Daktari akiwaambia jamaa kwamba mgonjwa ni "very poorly", amesema kwamba hali ni mbaya sana, waanze kuitana. Nimewaona wenzetu wakiendelea na kazi baada ya kusikia hivyo, kwa sababu neno lenyewe ni laini kama la mtoto mwenye mafua.

Salamu nazo. "You alright?" si kuulizwa kama unaumwa. Ni vipi, na jibu lake ni "alright" huku unapita, kama poa. Na usishtuke dereva wa basi, mwanamume mzima, akikuita "love" Yorkshire, "duck" Nottingham au Stoke, "pet" Newcastle, "bab" Birmingham. Ni ile ile ya mama wa sokoni Mombasa anayemwita mteja babangu bila kumjua. Ukipokea, pokea kwa moyo. Wewe kuwaita wakazi hivyo, subiri kwanza. Muulize kila mmoja anapenda kuitwaje, maana wapo wanaotaka Bwana fulani na hawatakuambia wasipoulizwa.

Hatua ya 7: Jifunze kuuliza, na usitikise kichwa kamwe

Adabu zetu zinatuponza. Tumelelewa kutomrudisha mkubwa nyuma, kwa hiyo mzee akisema jambo tusilolielewa tunatabasamu na kutikisa kichwa. Katika kazi ya kumhudumia mtu, kutikisa kichwa bila kuelewa ni hatari. Anaweza kuwa amekuambia ameshameza dawa hiyo asubuhi.

Lakini "Pardon?" mara tatu mfululizo nayo inamchosha, na mara ya tatu atasema "never mind" na jambo litapotea. Fanya hivi badala yake: rudia kile ulichokisikia, uulizie kipande kilichokosekana tu. "You want something for your...?" kisha unyamaze. Atamalizia yeye, na safari hii neno moja peke yake, polepole. Umemwonyesha kwamba ulikuwa unasikiliza. Bibi wa tumbo, baada ya mimi kumuuliza hivyo, aliligusa tumbo lake kwa mkono na kulirudia neno mara mbili, kisha akatabasamu. Tangu siku hiyo alikuwa akinifundisha neno moja kila nilipomletea chai, akinisubiri nimalize kuliandika.

Namba zirudie zote tarakimu kwa tarakimu. "Fifteen" na "fifty" hazitofautiani kwa sikio lililochoka saa 10 usiku. Sema "one five" au "five zero" ukisubiri waseme ndiyo.

Hatua ya 8: Rekebisha mkazo wako, lafudhi yako iache

Nao pia hawatusikii vizuri, na sababu kubwa si ile tunayoidhani. Wakenya tunaogopa kushrabu, kuchanganya r na l, tukahangaika na hilo tu. Kinachowapoteza zaidi ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tunauhamishia kwenye Kiingereza: tunasema "comfoTAbo" nao wanasubiri "KAMftabo", tunasema "mediSIni", wanasubiri "MEdsin". Chagua maneno 30 unayoyasema kila zamu, vidonge, blanketi, choo, maumivu, mto, na ujue kila moja linakandamizwa wapi. Inatosha. R yako ya kupigapiga ibaki kama ilivyo.

Wala usiige lafudhi yao. Mtu akisikia ulimi wake kwenye mdomo wa mgeni aliyefika juzi, huona anachekwa. Maneno yatakuingia yenyewe kwa wakati wake. Mimi siku hizi husema "ta" badala ya asante bila kukusudia, na hakuna aliyeona ajabu.

Hatua ya 9: Simu ije mwisho

Uso na mikono hubeba sehemu kubwa ya maana, na simu huviondoa vyote. Ukiweza, omba miezi yako ya kwanza mwenzako apokee simu za madaktari na za jamaa huku wewe umesimama kando, ukiwa na kalamu, ukiandika unachosikia kwa herufi zetu. Ukikata simu pamoja naye, mlinganishe.

Siku yako ikifika, weka karatasi mbele yako yenye mistari 4: nani anapiga, anamhusu nani, anataka nini, namba gani ya kumrudia. Jina la mtu lazima ulipate kwa herufi moja moja. Jifunze alfabeti ile ya kutaja herufi kwa maneno, A ni Alpha, B ni Bravo, C ni Charlie, mpaka uijue kama sala, kwa sababu b, d, p na t kwenye simu ni kitu kimoja. Kabla hajakata, msomee yote 4 uliyoandika. Akikuambia "that's right, love", andika saa, weka sahihi yako, ukampe karatasi msimamizi wa zamu mkononi.